Kuchangia utafiti wa ugonjwa wa Parkinson kutoka Mwanza: mwongozo kamili kwa vikundi na familia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi chenye nia kubwa na fedha kidogo: familia zenye mgonjwa, wafanyabiashara wa Kirumba, wahitimu wa shule moja, jumuiya ya kanisa au ya msikiti. Tuseme mapema ili mtu asivunjike moyo baadaye: milioni ishirini na kitu hazileti tiba ya Parkinson. Dawa moja mpya hula fedha za kutosha kuendesha hospitali nzima kwa miaka. Lakini kiasi hicho kikitumika kwa akili kinaweza kulipia vitu ambavyo mfadhili mkubwa huvidai kabla hajafungua mkoba: orodha safi ya wagonjwa waliopimwa sawasawa, vibali vilivyokamilika, na takwimu za awali zinazoonyesha kwamba timu ya hapa inaweza kazi. Yote yanayofuata yamejengwa juu ya hoja hiyo.

Chagueni swali kabla ya kuchangisha

Hapa ndipo vikundi vingi hukosea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Parkinson ni ugonjwa ambao seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, hufa taratibu. Mwili unakuwa mzito, misuli inakakamaa, na wagonjwa wengi hutetemeka mkono ukiwa umetulia. Daktari James Parkinson aliueleza huko London mwaka 1817. Levodopa, dawa iliyoanza kutumika miaka ya 1960, hadi leo ndiyo inayosaidia kuliko zote, ila inatuliza dalili tu na haizuii ugonjwa kuendelea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa nao.

Chanzo hakijafumbuliwa chote. Kuna upande wa jeni, yaani vinasaba tunavyorithi: badiliko la kwanza, kwenye jeni ya SNCA, liligunduliwa mwaka 1997, na LRRK2 ikafuata mwaka 2004. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria, Uingereza na Marekani walitangaza badiliko kwenye jeni ya GBA1 linaloonekana kwa watu wenye asili ya Afrika na ambalo tafiti za Ulaya hazikuwahi kuliona. Na kuna upande wa mazingira: viuatilifu kama paraquat na rotenone vimehusishwa na ugonjwa huu katika tafiti nyingi.

Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa maswali matatu yanajileta yenyewe. Wakulima wa pamba wamebeba bomba la kunyunyizia dawa mgongoni tangu utotoni. Je, wanaugua zaidi kuliko jirani asiyelima pamba? Je, badiliko la GBA1 lililoonekana Nigeria lipo kwa watu wa huku? Na mgonjwa anayetoka machimbo madogo ya Geita, ambako zebaki huchanganywa kwa mkono na kuchomwa ili kupata dhahabu, ana Parkinson au ni mtetemo wa sumu ya zebaki? Hilo la mwisho linatakiwa kuwemo katika dodoso hata kama halihusiani na utafiti wenu, maana zebaki inatetemesha mikono, na mgonjwa wa zebaki akihesabiwa kama wa Parkinson takwimu zote zinachafuka.

Sasa hesabu. Kikundi kinachoanza hupenda kusema, "Tupite nyumba kwa nyumba kata yetu tujue wako wangapi." Wazo zuri, ila hesabu inakataa. Utafiti uliofanywa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2008, uliangalia watu wapatao 161,000 na kuwapata wagonjwa 33. Hiyo ni kama watu 20 katika kila 100,000. Kata yenye watu 15,000 itawapa wagonjwa watatu. Mtakuwa mmelipa wahojaji mwezi mzima, mmechosha wenyeviti wa mitaa, na wagonjwa watatu hawathibitishi chochote.

Utafiti wa jeni nao hauwezekani peke yenu. Ule wa GBA1 ulikuwa na wagonjwa karibu 1,500, na watu wa kulinganishwa nao wengi mno kuliko hao. Mwanza inaweza kuwa tawi la kazi ya namna hiyo. Kuianzisha peke yake haiwezi.

Kinachobaki, na ndicho tunachopendekeza kwa mwaka wa kwanza, ni rejista ya wagonjwa inayokusanya kutoka Bugando, Sekou Toure na hospitali za wilaya. Walengwa ni wagonjwa 60 na watu 60 wasio wagonjwa wa umri na jinsia zinazolingana, wote wakiulizwa dodoso lilelile kuhusu kilimo, viuatilifu, machimbo na ukoo. Huko Hai wengi wa wale 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani, hivyo msisubiri waje wenyewe. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe maswali machache ya kuwatambua na kuwaelekeza kliniki.

Neno kuhusu upupu. Mbegu zake zina levodopa ya asili, na hilo si uvumi. Mwaka 2017 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 18 yaliyoonyesha kuwa dozi moja ya unga wake inafanya kazi. Majaribio ya pili, ya wiki 16, yalipoteza nusu ya washiriki 14 kwa sababu ya tumbo kuvurugika au dalili kuzidi. Mkisikika tu mnachangisha, mtu atawafuata na gunia la unga. Msilipie. Jaribio la dawa, hata ikiwa imetoka porini, linadai idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), bima ya washiriki na usimamizi ambao mfuko wenu hautaumudu.

Pesa ikae wapi

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kusajili chombo chenu: kikundi cha kijamii kupitia afisa maendeleo ya jamii wa Jiji au wa Ilemela, au shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2002. Ya pili ni kuingia makubaliano na taasisi ya utafiti ili michango iingie moja kwa moja kwenye akaunti yake, ikiwa imefungwa kwa kazi hiyo tu.

Kwa mwaka wa kwanza tunapendelea ya pili. Shirika linahitaji katiba, bodi, ukaguzi wa hesabu na ripoti za kila mwaka, na mnaweza kuimaliza miezi sita mkikimbizana na karatasi kabla mgonjwa wa kwanza hajaonwa. Pia kanuni za mashirika za 2018 zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe hadharani, na mfuko wenu utavuka hapo. Si jambo la kuogopa, ila ni kazi ya mtu.

Taasisi za kuzungumza nazo mjini ni CUHAS, chuo cha afya kilicho kilimani pamoja na hospitali ya Bugando, na kituo cha Mwanza cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Jirani yao yupo MITU, kitengo cha majaribio ya tiba kinachoendeshwa na NIMR pamoja na London School of Hygiene and Tropical Medicine. Uzoefu wa hizi mbili za mwisho umejengwa zaidi juu ya UKIMWI, kichocho na magonjwa mengine ya kuambukiza. Hilo lisiwakatishe tamaa: stoo ya sampuli, wasimamizi wa takwimu na watu wanaojua kuomba ridhaa ni walewale.

Ulizeni mambo matatu kwa barua na mjibiwe kwa barua: asilimia ngapi inakatwa kama gharama za uendeshaji wa taasisi, nani anatia saini kutoa fedha, na baada ya siku ngapi ombi la malipo linatoka. Swali la tatu ndilo linaloua miradi midogo. Muuguzi anayesubiri posho miezi miwili haachi kazi kwa kelele. Anaacha tu kupiga simu kwa wagonjwa.

Msikubali kwa namna yoyote pesa iingie kwenye akaunti au simu ya mtafiti binafsi, awe daktari bingwa au mpwa wa mwenyekiti.

Hesabu ya mradi wa mwaka mmoja

Bei zilizo hapa ni za kupangia. Badilisheni kwa bei mlizozipata wenyewe, ila msiruke kipengele.

- Muuguzi wa utafiti, nusu muda: 500,000 kwa miezi 12 = 6,000,000
- Daktari, siku 2 za kliniki kwa mwezi, 100,000 kwa siku = 2,400,000
- Nauli: washiriki 120 mara moja, wagonjwa 60 mara ya pili, 20,000 kila safari = 3,600,000
- Ada za maadili na vibali = 1,000,000
- Tableti 2 za kujazia dodoso = 1,200,000
- Mirija, sindano na vifaa, 15,000 kwa mshiriki = 1,800,000
- Dawa = 4,000,000
- Safari za timu Ukerewe, Sengerema na Geita = 1,600,000

Jumla 21,600,000. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, 2,160,000, inakuwa 23,760,000. Lengeni 24,000,000, na kama taasisi ina makato yake, yaje juu ya hapo.

Kipengele cha dawa hukatwa kwanza kila bajeti inapobana, na ni kosa. Huwezi kumwita mzee kutoka kisiwani, ukamthibitishia ugonjwa, ukachukua damu yake, kisha ukamrudisha mikono mitupu. Kamati ya maadili nayo itauliza. Pigeni hesabu kwa vidonge: mgonjwa mmoja, vidonge 3 vya levodopa na carbidopa kwa siku, ni 1,095 kwa mwaka, wagonjwa 30 wasio na bima ni 32,850. Zidisheni kwa bei ya jumla ya famasi, si ya rejareja, na kama milioni nne hazitoshi, punguzeni idadi ya wagonjwa badala ya kupunguza dawa. Hakikisheni pia upatikanaji wake, kwa sababu kukatisha levodopa ghafla ni hatari kwa mgonjwa aliyeizoea.

Kuchangisha

Milioni 24 kwa mwaka ni milioni 2 kwa mwezi, yaani watu 200 wakitoa 10,000 kila mwezi. Kwa maoni yetu ahadi ya kila mwezi ina nguvu kuliko harambee moja kubwa ya ukumbini, ambayo nusu ya ahadi zake hubaki kwenye karatasi na ukumbi wenyewe unakula sehemu. Harambee iwe moja, kwa mfano karibu na tarehe 11 Aprili, Siku ya Parkinson Duniani, na kazi yake iwe kuandikisha wachangiaji wa kila mwezi.

Majira yana maana yake huku. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hupumzika mbalamwezi ikiwa kubwa. Ukipita mwaloni giza linapoisha, pesa ipo. Ukipita mwishoni mwa mbalamwezi, wengi wanaishi kwa kukopa. Wakulima wa pamba wasubirini kuanzia Mei, msimu wa ununuzi ukifunguliwa. Vikoba huvunja mizunguko yao kwa tarehe zinazojulikana. Nendeni wiki moja kabla, sio baada.

Malipo yapite kwenye namba ya kikundi au kontroo namba ya taasisi, na jina linalotokea kwenye simu liwe jina la taasisi au kikundi. Kila mwezi bandikeni kwenye kundi la WhatsApp karatasi moja: kilichoingia, kilichotoka, salio la benki. Watu huvumilia mradi kuchelewa. Salio lisiloonekana hawalivumilii.

Msichangishe kwa picha za wagonjwa. Uso usioonyesha hisia, mkono unaotetemeka na mwendo wa kuburuta vimeshawaletea wazee maneno mabaya vijijini, ikiwemo kuitwa wachawi. Picha ikizunguka, hairudi.

Andiko la mradi

Mtafiti mkuu awe mwajiriwa wa taasisi yenyewe. Mwambieni awape andiko lisilozidi kurasa sita, na mlisome kwa maswali haya.

Ugonjwa utathibitishwaje? Jibu zuri litataja vigezo vinavyokubalika, vya benki ya ubongo ya Uingereza au vya MDS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa magonjwa ya mwendo, vya mwaka 2015, na kipimo cha ukali wa dalili kiitwacho MDS-UPDRS, ambacho chote huchukua kama nusu saa kwa mgonjwa. Kwa hiyo daktari mmoja hatamaliza wagonjwa 20 kwa siku. 6 hadi 8 ndio kiasi, ukihesabu historia, ridhaa na mzee anayehitaji dakika tano kuinuka kwenye benchi.

Nani ataondolewa? Haloperidol na dawa nyingine za magonjwa ya akili, pamoja na metoclopramide ya kuzuia kutapika, huleta dalili zinazofanana kabisa na Parkinson. Mgonjwa aje na vidonge vyake vyote kwenye mfuko, hata vile asivyovijua jina.

Viuatilifu vitaulizwaje? Swali la "umewahi kutumia dawa za shambani?" halina thamani, kwani Usukumani karibu kila mtu atajibu ndiyo. Liulizwe kwa miaka, ekari, zao, aina ya bomba, kama lilikuwa linavuja mgongoni, na kama makopo yalitumika kuchotea maji. Picha za vifungashio zisaidie kukumbuka majina. Na anayeuliza asijue kama anayemhoji ni mgonjwa au ni wa kulinganishwa, pale inapowezekana, kwa sababu tayari anaamini sumu ndiyo chanzo na atamdodosa mgonjwa zaidi.

Andiko likisema litatafuta tiba, lirudisheni.

Vibali

Anzeni na kamati ya maadili ya taasisi, halafu kibali cha kitaifa kupitia NIMR. Barua za mkoa, wilaya na hospitali husika hufuata. Akiwepo mtafiti wa kigeni, anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Damu ikitoka nje ya nchi, lazima kuwe na mkataba wa uhamishaji wa sampuli unaopitia NIMR. Majina na namba za simu za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo orodha haiwezi kukaa kwenye laptopu ya mweka hazina wenu. Ninyi mpewe idadi tu.

Tengeni miezi minne hadi sita. Sababu ya kawaida ya kurudishwa ni fomu ya ridhaa: Kiswahili chake kizito, au haisemi sampuli itahifadhiwa miaka mingapi na nani mwingine ataitumia. Kwa wasiojua Kiswahili vizuri iwepo ya Kisukuma au Kikerewe ya kusomwa kwa sauti, na asiyejua kuandika atie dole mbele ya shahidi anayetia saini. Kama mnatarajia kujiunga na mtandao wa kimataifa wa jeni, fomu iseme sasa hivi kwamba takwimu zitashirikishwa watafiti wengine. Kuwatafuta upya watu 120 ili watie saini ya pili ni gharama ya mradi mwingine.

Kulipa kwa awamu

Mkataba uwe na malipo manne: asilimia 20 kibali cha maadili kikitoka, 30 mshiriki wa 20 akiandikishwa, 30 mshiriki wa 80, na 20 ripoti na takwimu zilizosafishwa zikikabidhiwa kwa taasisi. Ya kwanza ikitangulia kibali, fedha zitakwisha zikisubiri saini. Wekeni pia kifungu kinachosema fedha zilizobaki zinakwenda wapi, na kingine kinachosema matokeo yatachapishwa hata kama hayakuonyesha uhusiano wowote na viuatilifu. Hiki cha pili watu huona aibu kukidai. Dai.

Damu, umeme na barabara

Kwa mwaka wa kwanza chukueni damu ya vinasaba tu, ya kuweka akiba kwa utafiti wa jeni wa baadaye: mililita 4 hadi 10 kwenye mrija wa EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) wenye kifuniko cha zambarau, ugeuzwe taratibu mara 8 hadi 10, usitikiswe, kisha uwekwe kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa hivyo siku chache, DNA haiharibiki, na hilo linawapa nafasi ya kuvuka kutoka Nansio bila hofu. Msishawishike kupima protini ya alfa-sinukleini kwenye maji ya damu. Protini hiyo imejaa kwenye chembe nyekundu. Boda ikiruka mashimo mawili, chembe zikapasuka, kipimo kinapanda bila ugonjwa kuwa na mchango wowote.

Jokofu la kuhifadhi liwe lenye jenereta inayowaka yenyewe na kipimajoto kinachoandika usiku kucha. Msinunue jokofu lenu. Kodini nafasi kwenye la taasisi. Kila sampuli igawanywe mara mbili na nusu ikae jengo jingine.

Safari za visiwani zipangwe wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa nchi kavu na vijana wao wana muda wa kuwasindikiza wazee. Ziara iwe asubuhi, na muuguzi aandike saa mgonjwa aliyomeza levodopa, vinginevyo alama za kipimo cha leo na za miezi sita ijayo hazilinganishwi.

Kwenda kwa wafadhili wakubwa

Washiriki 80 wakishaandikishwa, takwimu zenu zina uzito. Mradi wa kimataifa wa jeni uitwao GP2, unaofadhiliwa na Aligning Science Across Parkinson's, hupokea sampuli kutoka vituo shiriki na kuzichambua bila kituo kulipia. Michael J. Fox Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2000, hutoa ruzuku kwa miito yenye tarehe. Kuna pia TraPCAf, mtandao wa utafiti wa Parkinson barani Afrika ulioanzishwa kwa fedha za mfuko wa utafiti wa afya wa Uingereza, NIHR, na Tanzania imo. Kuunga mkono uchunguzi wao ni rahisi kuliko kubuni wenu. Ndani ya nchi, ulizeni COSTECH kuhusu miito ya MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Msipoteze muda na EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika wa majaribio ya tiba: fedha zake ni za magonjwa ya kuambukiza.

Maombi yaanze kuandikwa mwezi wa nane wa mradi, na siyo baada ya ripoti ya mwisho. Kati ya kuomba na kupokea kuna miezi mingi, na muuguzi aliyefunzwa MDS-UPDRS akikaa miezi minne bila mshahara atakuwa ameshaajiriwa kwingine. Kwa hiyo katika ile asilimia 10 ya dharura, wekeni kando 1,000,000 ya kumlipa miezi miwili ya pengo, na ingieni kwenye mazungumzo na taasisi ibebe miwili mingine.